Mvuke wa Kisalala: Mutu Iko Ndani ya Tanki

Ko. Ko. Ko.

Juma lililopita niliwaacha palepale, mukono wa Kaswera juu ya vane, kile kifungulio cha mvuke, na baadhi yenu mulinitukana kwa SMS mpaka simu yangu ikapata moto. Mama mumoja wa Beu, kule Beni, aliniandikia: "We mwandikaji, uko mubaya kuliko ile supape yenyewe." Aksanti, mama. Kaa chini, mimina chai, tuendelee.

Kwa ule anayetuokota njiani leo: tuko Butembo, ku Kisalala, ndani ya centre inayochoma maganda ya ngazi, zile mbegu za mawese, na ya kahawa, na inatoa courant ya umeme na mvuke wa moto kwa fabrike tatu za jirani. Moja ya sabuni, moja ya kukausha kakao, na bulanjeri ya mikate. Batu banaiita Santrali. Leo saa tisa ya muchana, supape ya usalama ya chaudière, lile pipa la kuchemshia maji, ilianza kupiga kelele, juu ya mvuke kuzidi ndani. Mutaa ukasikia, ukafikiri ni firimbi ya hatari, ile ya kusema adui amefika. Mutu akapiga casserole ya jikoni kuamsha jirani. Mwingine akajibu kwa firimbi ya kweli. Kisha dakika tano Kisalala yote ilikuwa mbio, matelas ku kichwa, mutoto ku mugongo.

Bafanyakazi wa fabrike zote tatu, mbele ya kukimbia, balifunga vane zao. Bamefundishwa vizuri: ukitoka, funga mvuke. Basi mvuke ukakosa pa kwenda, ukarudi nyuma ndani ya chaudière, na supape peke yake haikutosha kuutoa. Mushale wa kipimo cha mvuke ukapanda.

Alibaki mutu mumoja. Kaswera, mwanamuke wa miaka makumi tatu na ine, muchungaji wa chaudière. Hakubaki juu ya ushujaa. Mimi sipendi kudanganya mutu aliyenunua gazeti. Alibaki juu woga ulikuwa umemuishia. Tangu siku balimuletea maiti ya bwana yake Timothée kutoka barabara ya Kasindi, miaka mbili sasa, hakulia, hakucheka, hakugombana na mutu. Alikula, alilala, alikuja ku kazi.

Ku ukuta wa Santrali kuna sheria imeandikwa kwa rangi nyekundu: mushale ukifika tisa, fungula vane ya tanki. Tanki yenyewe ni pipa kubwa la chuma, limesimama hatua tatu toka chaudière, urefu wa metre ine, tundu iko juu. Mvuke uliozidi unawekwa mule. Na kuna desturi ambayo haijaandikwa popote: mutu akiingia mu tanki kusafisha, anatundika koti yake ku vane. Hakuna anayegusa ile vane mpaka mwenye koti aje kuitoa mwenyewe.

Koti haikuwa. Mushale ulikuwa tisa. Kaswera akakamata vane kwa mikono miwili.

Ndipo tanki ikapigwa kutoka ndani.

"Papa Sadrack!" Sauti ilitoka ndani ya chuma, ndogo, ya mbali. "Papa Sadrack, shusha kamba! Ni kelele ya nini ile?"

Kaswera aliijua ile sauti. Ilikuwa ya Delphin, mudogo wa Timothée.

"Papa Sadrack haiko," akajibu. "Amekimbia."

"Na kamba?"

"Na kamba."

"Koti yangu iko ku vane?"

"Haiko."

"Amekimbia na koti yangu?"

"Nafikiri vile."

Musimulaumu Sadrack haraka. Sadrack ndiye aliyeshika kamba ya Delphin; ni shemasi wa kanisa, mutu wa miaka makumi tano, na amekimbia vita mara tano: mbili kule Mabalako, mbili Beni, moja sijui wapi, yeye mwenyewe amesahau. Mutu wa namna ile akisikia firimbi, mikono yake inafanya kazi bila kumuuliza. Inakamata kamba, juu bila kamba mizigo utaifunga na nini? Inakamata koti, juu mu pori kuna baridi. Kisha miguu inaondoka. Kichwa kinaifuata kesho yake, kama kinaifuata.

"We ni nani unasema?" sauti ikauliza.

"Kaswera."

Delphin akaacha kupiga. Hakuita tena kamba, na yeye ni mutu aliyefungwa mu chuma karibu na chaudière inayolia.

Sikilizeni kwa nini. Siku Timothée alikufa, aliyeshika usukani wa camion alikuwa Delphin. Balikuwa banapeleka kakao ku Kasindi, ndugu babili. Delphin alirudi mwenyewe, kwa miguu, nguo imejaa vumbi. Alisema maneno saba tu mbele ya familia: "Balipiga masasi, kila mutu akakimbia upande wake." Tangu hapo yeye na Kaswera hawakuongea tena, isipokuwa habari ya mushale, ya maji na ya maganda ya ngazi.

"Shemeji," sauti ikarudi. "Nakuomba. Hapana fungula."

"Mushale iko ku tisa na kidogo."

"Najua sheria. Mais niko ndani!"

"Nasikia kama uko ndani."

Sasa muangalie vizuri yule mwanamuke. Mushale ukipita kumi na moja, chaudière itapasuka, na Delphin atakufa, na yeye pamoja naye kama hakimbii. Akifungula vane, chaudière itapona, mvuke utaingia mu tanki, na Delphin atapikwa. Na nani atamuuliza? Koti haikuwa. Sheria iko ku ukuta. Mukubwa wa kazi mwenyewe angemushika mukono na kusema: pole mama, ulifanya kazi yako.

Alingoja kasirani ije. Alisimama akaingoja kabisa, mikono ku vane. Haikuja. Akangoja huruma, ile pia haikuja. Kitu kilichokuja ni matanga: viti vya kukodi, bâche inayovuja mvua, foufou ya batu mia mbili, nyimbo zilezile, na yeye tena ku jiko, juu yeye ndiye muke wa ndugu mukubwa. Alichoka hata mbele haijaanza. Akatoa mikono ku vane.

Bon, sababu ndiyo hiyo. Mukitaka nzuri zaidi, itafuteni kwa padiri.

"Umefungula?" Delphin alilia ndani. "Kaswera! Umefungula?"

"Hapana."

"Mungu akubariki. Shemeji, kuna kitu nilipaswa kukuambia tangu zamani. Ile siku ya Kasindi..."

"Delphin, sasa niko nasoma mushale."

Simu yake ikalia mu mufuko. Ilikuwa Ingénieur Jean-de-Dieu, mukubwa wa Santrali.

"Kaswera! Uko wapi?"

"Ku kazi."

"Ku kazi? Mutaa muzima unakimbia, weye uko ku kazi? Bon, mushale?"

"Tisa na nusu."

"Fungula tanki! Unangoja nini?"

"Delphin iko ndani."

"Uongo! Papa Sadrack iko na mimi hapa ku njia ya Beni. Anasema Delphin alitoka wa kwanza, alimuona kwa macho yake."

"Ingénieur, sikia." Kaswera akabandika simu ku tanki. Delphin alikuwa anapiga na chuma chake cha kukwangulia uchafu. Ko, ko, ko.

"Ile ni maji mu bomba! Maji ikipata moto inapigaka vile! Fungula, minakuambia, ni amri! Ikipasuka tutakosa Santrali, tutakosa fabrike tatu, donc fungula!"

"Papa Sadrack amevaa nini?"

"Nini?"

"Muangalie. Amevaa nini?"

Ingénieur akashusha simu. Kaswera akasikia pikipiki zikipita, batoto bakilia, pasta mumoja akiomba kwa sauti kubwa. Kisha akamusikia Ingénieur, sasa hasemi tena mu simu: "Papa Sadrack. Ile koti ni ya nani? Geuka. Geuka nione mugongo."

Mugongoni mwa kila koti ya Santrali kuna jina la mwenyewe.

"Nyamuhanga, Mungu wangu," akasema Jean-de-Dieu.

"Basi nifanye nini?" Kaswera akauliza. "Tisa na robo tatu."

"Ngoja. Ngoja nifikiri. Bulanjeri! Bulanjeri njo karibu. Mu cour yao, ule uwanja wa nyuma, kuna vane ya kutupa mvuke inje. Fungula ile, mushale itashuka. Lakini kule utafikaje? Adui..."

"Hakuna adui, Ingénieur. Ni supape njo ilipiga kelele."

"Supape gani?"

"Ile ulileta weye kutoka Kampala."

Jean-de-Dieu akakata simu. Aliichagua ile supape yeye mwenyewe, akaifunga kwa mikono yake, akaijaribu mbele ya wakubwa bote bakapiga makofi. Na leo akaikimbia kilometre ine. Cheka, una ruhusa. Kisha ujiulize firimbi ikilia sasa hivi, hapo ulipo na gazeti mukononi, weye utangoja kuuliza ni supape gani?

Kaswera akarudisha simu mu mufuko.

"Naenda," akaambia tanki.

"Usiniache! Shemeji, hapana niacha!"

"Naenda bulanjeri. Nitarudi."

"Balisemaka vile bote!"

Kaswera akageuka. Alitoka na mwendo wa haraka wa mutu anayekwenda kufunga robinet ya maji iliyosahauliwa.

Inje hakukuwa na mutu. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, ililala katikati ya njia na mifuko yake ya maganda ya kahawa, mwenyewe ameitupa. Maharagi yalikuwa yanachemka peke yake mbele ya nyumba moja. Mbali kidogo, upande wa juu, casserole zilikuwa bado zinapigwa. Kaswera alipita katikati ya vile vyote kama siku nyingine.

Ku kona ya bulanjeri, askari akaruka mbele yake, sergent, bunduki mukononi.

"Telema! Mama, telema wana!"

Akasimama.

"Unaenda wapi?"

"Ku bulanjeri."

"Adui beko ngapi kule umetoka?"

"Zero."

"Namna gani zero? Quartier muzima inapiga firimbi!"

"Ni chaudière njo inalia. Ikipasuka, utalia na weye."

Sergent akanyanyua bunduki. "Hapana sogea! Nitapiga!"

"Piga, ama njoo unisaidie kufungula kule. Lakini chagua haraka, mushale haitungojee."

Ule askari amekaa ku front ya vita miaka saba. Amewaona batu mbele ya bunduki yake, benye kulia, benye kuomba, benye kukojoa. Huyu alikuwa anamutazama kana kwamba yeye ndiye anayechelewesha kazi. Akashusha bunduki, akamufuata.

"Mama, ozobanga te?" akauliza nyuma yake. "Hata woga kidogo?"

"Iliisha," akasema Kaswera.

Mulango wa bulanjeri ulikuwa umefungwa kwa ndani. Maana yake kuna mutu. Kaswera akapiga kwa kiganja.

"Mama Séphora! Ni Kaswera wa Santrali. Fungula!"

Kitu kikakwaruza sakafu. Kisha sauti ya Mama Séphora, mwenye bulanjeri, kutoka chini kabisa ya mulango, kama aliyelala tumbo: "Kaswera amekimbia na bengine. We ni nani?"

"Ni mimi."

"Kila mutu anasemaka 'ni mimi'."

Nyinyi ba Beni munaelewa, sina haja ya kuwafundisha. Bale batu banakuita jina lako, kwa Swahili muzuri, kwa sauti ya jirani. Ukifungula, umekwisha.

Sergent akasaidia namna askari banasaidiaka. "Fungula! Ni armée!"

"Njo sifunguli kabisa!" akajibu Mama Séphora.

Nyuma yao, toka Santrali, supape ilibadilisha sauti. Ilikuwa inalia; sasa ilianza kupiga mayowe. Kaswera alijua ile sauti ni ya mushale gani. Kumi na nusu.

"Mama Séphora. Delphin amebaki mu tanki. Ile chaudière itapasuka na yeye ndani."

"Uongo wa namna ile minausikia kila mara. Kama njo weye Kaswera, niambie: ku matanga ya bwana yako nilileta nini?"

"Mikate makumi ine."

"Kila mutu aliona ile mikate."

"Ulisahau chumvi."

Ndani mutu akainuka haraka. Kisha komeo likavutwa kwa nguvu, mulango ukafunguka, na Mama Séphora akatoka mwenye hasira, farini ku nyusi. "Haikuwa kusahau! Barrière ya barabara ya Kasindi ilifungwa ile wiki, chumvi haikupita! Miaka mbili unanisemea vile ku mutaa?"

"Sikusemea mutu," akasema Kaswera, akampita.

Vane ilikuwa mu cour, nyuma ya mifuko. Ilikuwa imekazwa na mwanaume mwenye woga, kwa hiyo ilikazwa sana. Kaswera akavuta, haikutoka. Sergent akaweka bunduki begani, akaongeza mikono yake. Mama Séphora akaacha kutukana, akaongeza ya kwake. Bakahesabu moja, mbili, tatu, na vane ikatii.

Mvuke ulitoka na mungurumo ukajaza cour yote, mweupe. Sergent akajitupa chini na bunduki ikapiga yenyewe, risasi ikaingia mu mufuko wa farini.

"Farini yangu!" akalia Mama Séphora mu ule wingu. "Mufuko ilikukosea nini, we mulevi?"

Kaswera hakuwasikiliza. Alikuwa anasikiliza supape. Mayowe yakashuka kuwa kilio. Kilio kikawa pumzi. Kisha hakuna. Ku mutaa wa juu, casserole zikaanza kunyamaza moja moja, batu bakiulizana ni nani aliyeanza.

Mushale ulikuwa saba aliporudi Santrali. Kamba ilitoka ku ile chukudu ya njiani: Sergent alikata mikanda ya caoutchouc ya kufungia mizigo, akaifunga pamoja kwa ustadi, bakapanda juu ya tanki, bakaishusha ku tundu. Bakavuta. Delphin akatoka mweusi kwa uchafu wa tanki, mikono inatoka damu, ile chuma ya kukwangulia bado ameishika. Vidole vilikataa kuiachia. Sergent alilazimika kuvifungua kimoja kimoja.

Balipomushusha, alikaa chini, mugongo ku ukuta, chini ya ile sheria nyekundu. Kaswera akamupa maji. Kisha akaenda ku ndoo kuosha mikono yake.

Mungekuwa nyinyi, mungemukumbatia. Ama mungemupiga kofi. Yeye alikuwa anatafuta sabuni.

"Timothée hakukimbia upande wake," akasema Delphin.

Kaswera akapata sabuni.

"Alikuwa nyuma, mu caisse ya camion, lile sanduku la bati la mizigo. Aliingia kupanga mifuko, ilikuwa imeinama. Mimi nikafunga kadenas, ile kufuli, kwa inje juu ya bezi ba barrière. Tulikuwa tunafanyaka vile kila safari, yeye ndani, mimi ku usukani. Tukishapita barrière, ningemufungulia. Masasi ikalia. Nikatoka mbio."

"Na ufunguo?"

"Ilikuwa mu mufuko yangu." Akagusa mufuko. "Nakuapia, shemeji, nilimusahau. Nilikumbuka nilipofika ku kona. Nikasikia anapiga ku bati. Vile mimi nilipiga leo. Nikasimama. Mungu ananiona, nilisimama! Kisha masasi ikalia tena na miguu ikaenda. Na bakachoma camion."

Sergent aligeuka, akaanza kuangalia ukuta mwingine.

"Alipiga mara ngapi?" Kaswera akauliza.

"Nini?"

"Timothée. Mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Niliingia mu migomba nikawa bado nasikia."

Kaswera akafuta mikono ku kikwembe chake. Alikwenda ku chaudière, akachungulia moto, akatupa mapawa mawili ya maganda ya ngazi, juu moto ulikuwa unaanguka na kesho saa kumi na moja ya asubuhi bulanjeri itaomba mvuke. Alifunga mulango wa moto. Ndani yake alitafuta kitu chochote, hata kidogo, akakuta palepale pakavu pa kila siku. Hii ndiyo ilimushangaza. Alifikiri siku atakapojua, itakuwa siku ingine.

"Nitukane," akasema Delphin. "Shemeji, sema kitu. Nipige hata."

"Niko na kazi."

Hapo ndipo kelele ilianza ku mulango mukubwa. Si ya supape. Ya batu.

Munajua woga wa bure unageukaka nini ukirudi nyumbani. Batu balikuwa bamekimbia, bamevunja sahani, bamepoteza kuku, muzee mumoja ameteguka muguu, na sasa bameambiwa hakukuwa na adui. Balihitaji adui. Na njiani balimupata. Habari ilikuwa imetembea mbele ya miguu: shemasi Sadrack amemuacha mutu ndani ya tanki ya moto, akakimbia na kamba yake na koti yake, kisha akadanganya kama alimuona anatoka.

Balimuleta bakimusukuma. Bado alikuwa na koti ya Delphin mwilini na kamba begani, hakuna aliyempa nafasi ya kuvitoa. Ingénieur Jean-de-Dieu alikuwa mbele yao, mikono imetanuka, anasema "Bandugu, bandugu," na hakuna ndugu aliyemusikia. Mwanaume mumoja mwenye kofia ya pikipiki alikuwa anabingirisha pneu ya gari. Mwingine alikuwa na bidon ya petroli.

"Nilidanganya," Sadrack alikuwa anasema. "Haya ilinikamata, batoto yangu. Sikuiba. Mikono ilichukua yenyewe. Mikono yenyewe!"

"Mikono yako itajibu basi!"

Sergent alisogea karibu na Kaswera. "Niko mumoja, mama," akasema polepole. "Wale ni mia."

Mwenye pneu akaisimamisha mbele ya mulango. Hakuwa mulevi, hakuwa kijana wa fujo. Alikuwa baba wa mutaa, mwenye duka ya misumari, na alisema kwa adabu kabisa.

"Mama Kaswera. Weye njo ulibaki, sisi bote tulikimbia. Hatupende kuchoma mutu bure. Sema mbele ya Mungu na mbele yetu: huyu alikimbia akaacha mwenzake afie ndani, ndiyo ama hapana? Ukisema hapana, anaenda kwake. Ukisema ndiyo, hatuulize tena kitu."

Kelele ikashuka. Sadrack hakumutazama. Alitazama pneu.

Delphin alikuwa amesimama nyuma ya Kaswera, amejishika ku mulango. Yeye ndiye aliyeachwa. Neno moja lake lingetosha: mwacheni, nimemusamehe. Kaswera akamungojea aliseme. Akampa muda, muda mwingi kuliko ule Timothée alipewa ku barabara ya Kasindi. Delphin akainamisha kichwa, akatazama miguu yake, akanyamaza.

Na mule ndani, pale pakavu, kitu kikasogea. Kilikuwa kidogo na kiliuma, kama muguu uliolaliwa usiku muzima unapoanza kurudisha damu. Kaswera akaweka mukono ku kifua. Miaka mbili alikuwa hajakisikia, na mara ya kwanza hakukijua jina.

"Ndiyo," akasema.

Batu bakapiga kelele, pneu ikaanza kubingirika. Kaswera akanyanyua mukono juu, na sauti yake ikatoka kali, sauti ambayo hata Ingénieur hakuijua.

"Ngojeni! Munahesabu mubaya. Benye kuacha mutu ndani habako mumoja."

Akageuka, akamukazia Delphin macho, uso kwa uso, tangu miaka mbili mara ya kwanza.

"Beko babili."